Hesabu Iliyo Nyuma ya Harusi: Mabinti wa Jane Austen Kitabuni na Kwenye Filamu

Mtu akiitazama filamu ya Pride and Prejudice kabla ya kuisoma riwaya yenyewe, mara nyingi humcheka mama na kumpenda baba. Bibi Bennet ana kelele, hulalamikia mishipa yake kila anapokosa alitakalo, na hakuna kijana mwenye nafasi anayehamia jirani asimtazame kwa jicho la mkwe. Bwana Bennet ni mtulivu, msomi, mwepesi wa maneno, na akichoshwa na mkewe hujifungia maktabani. Isome tena ukiwa na kalamu mkononi. Utaona kwamba mama ndiye anayepiga hesabu katika nyumba ile, na kwamba baba, kwa uzembe wa miaka 23 ya ndoa, amewaacha mabinti watano bila uhakika wa pa kulala siku atakapofumba macho.

Hesabu hiyo ndiyo inayofafanuliwa hapa, kwa sababu bila hiyo riwaya za Jane Austen hubaki kuwa habari za adabu: nani amsalimie nani kwanza, nani acheze dansi na nani. Yale tunayoyaita matarajio ya jamii juu ya mwanamke yalikuwa na hati, saini, riba na tarehe ya kuanza kutumika. Austen hakuyaficha. Tarakimu zimo tangu sura za mwanzo. Filamu ndizo hupenda kuziacha nje, maana kamera hupenda uso wa mtu kuliko mkataba.

Shamba lililofungwa

Longbourn, nyumba na shamba la akina Bennet huko Hertfordshire, huingiza pauni 2,000 kwa mwaka. Ni maisha ya heshima: gari la farasi, mpishi, watumishi wa ndani. Bwana Collins anapouliza ni yupi kati ya mabinti aliyepika chakula, Bibi Bennet anamjibu kwa ukali kwamba wana uwezo wa kumweka mpishi mzuri na binti zake hawana shughuli jikoni. Jibu hilo linabeba utambulisho mzima wa tabaka lao. Binti asiyegusa sufuria ni binti anayeweza kuolewa na mwenye shamba.

Lakini shamba lenyewe si mali ambayo Bwana Bennet anaweza kuiuza au kumwachia amtakaye. Limefungwa kwa hati ya ukoo lifuate wanaume. Aliye nalo leo hula mapato yake akiwa hai, na akifa linakwenda kwa mwanamume aliye karibu zaidi katika ukoo. Kwa kuwa hana mwana, linamwangukia ndugu wa mbali, huyo huyo Collins, kasisi ambaye mabinti hawakuwahi kumwona kabla hajaja kuwatembelea.

Fundo la namna hii lilikuwa na njia ya kulifungua, na hapo ndipo lawama inapomkalia Bwana Bennet. Mwana akifikisha miaka 21 angeweza kuungana na baba yake, wakafuata utaratibu wa mahakamani wa kulivunja fungo hilo, kisha wakaandika mgawanyo mpya unaowatengea mama na mabinti fungu lao. Riwaya inasema wazi kuwa hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Alipooa aliona hakuna haja ya kuweka akiba, kwani mwana angekuja. Wakaja mabinti watano mmoja baada ya mwingine. Miaka mingi baada ya Lydia, kitinda mimba, kuzaliwa, mama bado aliamini kwamba wa kiume yuko njiani. Walipokata tamaa, muda wa kuanza kuweka akiba ulikuwa umewapita.

Kilichopo ni pauni 5,000 zilizotengwa kwenye mkataba wa ndoa kwa ajili ya mke na watoto. Ziweke kwenye hati za serikali zenye riba ya asilimia 4: zinatoa pauni 200 kwa mwaka. Yaani siku baba anapozikwa, wanawake sita wanashuka kutoka pauni 2,000 hadi 200, na nyumba wanaihama. Mama naye akifa, kila binti anapata pauni 1,000 zake, sawa na pauni 40 kwa mwaka. Collins anamkumbusha Elizabeth, binti wa pili, tarakimu hizo papo hapo anapomchumbia: pauni 1,000 kwa asilimia 4, tena si mpaka mama yako afariki. Anadhani anaonyesha ukarimu kwa kumhakikishia kwamba hatamsimanga kwa uchache huo.

Sasa tazama maana ya posa ile. Collins amekuja Longbourn kwa nia ya kulipa fidia: kwa kuwa atawarithi, ataoa mmoja wao ili nyumba isitoke katika familia. Elizabeth akikubali, mama na dada zake wana paa. Akikataa, hawana. Anakataa, na tunamshangilia, na tuna haki ya kumshangilia. Ila mama anapofoka kwamba hajui nani atamlisha Elizabeth siku baba atakapokufa, hayo si maneno ya mwanamke mpumbavu. Ni swali ambalo hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyewahi kulijibu. Filamu ya 2005 iliyoongozwa na Joe Wright ilimpa mama sentensi moja ya kujitetea: Elizabeth anapomuuliza kama hana kingine cha kufikiria, anamwambia kuwa siku naye atakapokuwa na mabinti watano ndipo atakapoelewa. Ni sentensi fupi, na ni miongoni mwa nyongeza bora kabisa za filamu ile.

Pauni kwa mwaka na pauni za mara moja

Kosa ambalo wasomaji wengi hulifanya ni kuchanganya aina mbili za tarakimu. Mwanamume mwenye ardhi hutajwa kwa kipato cha mwaka. Mwanamke hutajwa kwa jumla ya fedha zake. Darcy, mwenye shamba tajiri ambaye mwishoni anamwoa Elizabeth, ana pauni 10,000 kwa mwaka. Mary King, msichana ambaye Wickham, ofisa kijana wa jeshi, anamgeukia ghafla baada ya babu yake kufa, ana pauni 10,000 tu, basi. Kwa asilimia 4 hizo ni pauni 400 kwa mwaka. Anayezisoma kama kitu kimoja atadhani Mary King ni tajiri kama Darcy, na hatamwelewa Wickham wala Elizabeth.

Kanuni ya haraka: ukipewa jumla, izidishe kwa 4 au 5 kisha ugawe kwa 100, upate kipato cha mwaka. Austen mwenyewe anaithibitisha. Bingley, rafiki wa Darcy na jirani mpya wa akina Bennet, ameachiwa na baba yake karibu pauni 100,000, na majirani wanamtaja kwa pauni 4,000 au 5,000 kwa mwaka. Georgiana, mdogo wake Darcy, ana pauni 30,000, yaani karibu 1,200 kwa mwaka. Dada zake Bingley wana 20,000 kila mmoja. Ukiisha kujua hayo, ziweke pembeni zile pauni 1,000 za Elizabeth, halafu usome upya namna Caroline Bingley anavyomtazama.

Usijaribu kuzigeuza ziwe shilingi za leo. Bei ya mkate, ya farasi na ya kazi ya mtumishi hazikupanda kwa mwendo mmoja, kwa hiyo jibu lolote litakudanganya. Pima kwa maisha. Katika Sense and Sensibility, riwaya ya 1811, Bibi Dashwood na binti zake watatu wanabaki na pauni 500 kwa mwaka. Zinawatosha nyumba ndogo ya kupanga kwa ndugu, wajakazi wawili na mtumishi mmoja wa kiume. Gari na farasi wameviuza. Hao ni wanawake wanne kwa 500. Akina Bennet wangekuwa sita kwa 200.

Na hapa kuna mtego wa lugha. Fedha ambazo binti wa Kiingereza aliingia nazo kwenye ndoa, wengi wetu tukizitafsiri huandika "mahari". Mwelekeo wake ni kinyume kabisa. Mahari hutoka upande wa mume, ama iwe haki ya mke mwenyewe kama Uislamu unavyotaka, ama iende kwa wazazi wake kama zilivyo mila nyingi za bara. Fungu la binti wa Austen lilitoka kwao likaenda kwa mume. Tena, chini ya sheria ya Kiislamu, binti wa Unguja au Mombasa wa miaka hiyo hiyo alirithi nusu ya fungu la kaka yake, na mali yake ilibaki yake baada ya kuolewa. Binti wa Hertfordshire hakuwa na uhakika wa lolote kati ya hayo mawili. Mfasiri atakayeandika "mahari" bila maelezo atakuwa amelipindua jambo zima, na msomaji atajiuliza kwa nini baba mwenye mabinti watano anahofu badala ya kungoja kupokea.

Mtu mmoja mbele ya sheria

Kwa nini wanaume walijadili fedha za mwanamke kana kwamba ni zao? Kwa sababu zingekuwa zao. Mwanasheria William Blackstone aliliandika mwaka 1765: kwa ndoa, mume na mke ni mtu mmoja kisheria, na nafsi ya mke kisheria husimamishwa kwa muda wote wa ndoa. Kwa vitendo, fedha taslimu, vyombo, vito na mshahara wa mke vikawa vya mume moja kwa moja. Ardhi ya mke iliendeshwa na mume. Mke hakuweza kuingia mkataba kwa jina lake, wala kuandika wosia bila ridhaa ya mume. Sheria za Bunge zilizoanza kulivunja hilo ni za 1870 na 1882, zaidi ya nusu karne baada ya Austen kufa mwaka 1817. Talaka ya kuweza kuoa tena, hadi 1857, ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa ajili ya wanandoa hao tu, kwa gharama ambayo watu wa kawaida hawakuimudu.

Ukoo wenye fedha ulikuwa na kinga moja, nayo ni mkataba kabla ya ndoa. Mawakili wa pande mbili walikaa, wakaweka fedha za binti mikononi mwa wadhamini, wakaandika kiasi atakachopata mkononi kila mwaka akiwa mke, posho yake akifiwa na mume, na fungu la watoto. Kwa hiyo Bibi Bennet anapoambiwa kwamba Elizabeth ataolewa na Darcy, na kuropoka kuhusu fedha za mkononi, vito na magari, neno la kwanza kati ya hayo linatoka moja kwa moja kwenye mkataba.

Shika hapo, kisha uone kwa nini kutoroka kwa Lydia na Wickham ni janga. Lydia ana miaka 16. Sheria ya ndoa ya 1753 ilizuia walio chini ya miaka 21 kuoana Uingereza kwa leseni bila ridhaa ya mzazi, lakini haikufika Scotland. Ndiyo maana watoro wa zama hizo walikimbilia Gretna Green, kijiji cha Scotland kilicho mpakani. Binti anayetoroka huolewa bila mkataba, na kila alicho nacho hutumbukia mfukoni mwa mume siku hiyo hiyo. Wickham alikwisha kujaribu hilo kwa Georgiana akiwa na miaka 15, na shabaha yake kuu ilikuwa zile pauni 30,000. Kwa Lydia hakuna cha kuchukua, kwa hiyo hata Scotland hawakwenda. Wickham anaishi naye tu London.

Ndipo biashara inapoanza. Mjomba Gardiner anaandika masharti: Lydia ahakikishiwe sehemu yake ya zile pauni 5,000 baada ya wazazi kufa, na baba ampe pauni 100 kwa mwaka akiwa hai. Bwana Bennet, ambaye kwa mara ya kwanza anapiga hesabu, anajua Wickham angekuwa mjinga kumchukua Lydia kwa chini ya pauni 10,000, kwa hiyo kuna mtu amelipa zilizobaki. Aliyelipa ni Darcy: madeni ya Wickham yanayozidi pauni 1,000, pauni nyingine 1,000 za kumwandikia Lydia juu ya fungu lake, na cheo cha jeshi kilichonunuliwa. Kuna mstari mwingine unaouma. Bwana Bennet anagundua kuwa pauni 100 hizo hazitampunguzia hata 10 kwa mwaka, maana chakula, fedha za mfukoni na zawadi za mama kwa Lydia zilikuwa zikigharimu karibu kiasi hicho hicho.

Jamii nayo ilitoza kwa njia yake. Collins anaandika barua ya kuwafariji kwamba kifo cha binti huyo kingekuwa baraka kuliko hili. Kosa la mmoja linawashusha wote watano, kwa sababu nani ataingia katika familia hiyo? Wickham, mwenye kosa lile lile, anapata madeni kulipwa, mke na kazi. Austen haandiki hotuba juu ya dhuluma hiyo. Anaziweka tarakimu za mmoja kando ya zile za mwingine.

Kauli ya sheria, au kauli ya babu?

Filamu ya Sense and Sensibility ya 1995, iliyoongozwa na Ang Lee kwa mswada wa Emma Thompson uliompatia Oscar, ina mahali Elinor, binti mkubwa wa Bibi Dashwood, anamweleza mdogo wake Margaret kwa nini lazima wahame. Anasema nyumba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, si kwa binti, na kwamba ndiyo sheria. Ni sentensi inayomsaidia mtazamaji, na nafasi ya filamu ni finyu. Lakini inaficha jambo ambalo riwaya inalisisitiza.

Katika riwaya, shamba la Norland lilikuwa la mzee ambaye angeweza kuwaachia wanawake waliomtunza miaka yake ya mwisho. Hakuna aliyemlazimisha kufanya vingine. Aliandika wosia uliolifunga shamba kwa ajili ya mtoto wa miaka minne, mwana wa John Dashwood, kaka wa mabinti kwa baba, kwa sababu mtoto huyo alipoletwa kumtembelea alimfurahisha kwa maneno yasiyonyooka, ukaidi, ujanja na kelele nyingi. Haya yakashinda huduma ya miaka ya mama na mabinti watatu, ambao aliwaachia pauni 1,000 kwa kila binti. Huyo ni mzee na kalamu yake, wala Bunge halikuwa chumbani.

Jambo hilo hilo linarudi Pride and Prejudice kwa mdomo usiotarajiwa. Lady Catherine, shangazi tajiri wa Darcy na mwenye majivuno kuliko wote, anamwambia Elizabeth kwamba haoni sababu ya kuwanyima wanawake mashamba, na kwamba katika familia ya marehemu mumewe halikuonekana kuwa la lazima. Binti yake ni mrithi wa Rosings, shamba lao. Kwa hiyo katika nchi moja, chini ya sheria moja, nyumba moja inamwachia binti na nyingine inamfukuza. Tofauti ni kilichoandikwa kwenye karatasi. Hapo ndipo naona Austen anatofautiana na filamu nyingi zilizotokana naye: filamu huonyesha zama, yeye huonyesha watu waliotia saini.

Kuna sura ya pili ya Sense and Sensibility ambayo ingefaa kufundishwa popote mirathi inapozungumzwa. John Dashwood amemwahidi baba yake anayekata roho kwamba atawasaidia mama yake wa kambo na dada zake. Anaanza na pauni 3,000, yaani 1,000 kwa kila dada. Mkewe Fanny, wifi yao, anaanza kumega. Tatu nyingi, iwe 500 kwa kila mmoja. Hata hizo za nini? Labda posho ya 100 kwa mwaka kwa mama. Hapana, watu wakiwa na posho ya kila mwaka hawafi kamwe. Basi pauni 50 mara moja moja. Mwisho anaridhika kwamba baba alimaanisha kuwasaidia kuhamisha vyombo, na kuwapelekea samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Hakuna aliyepaza sauti, na kila hatua ina sababu nzuri. Filamu ililihifadhi tukio hili kwa ustadi kwa kuligawa vipande vipande: tunawaona mume na mke wakiwa nyumbani, kisha wakiwa safarini, na fedha zinazidi kupungua kadiri wanavyoikaribia Norland.

Katika filamu hiyo hiyo Elinor anamwambia Edward Ferrars, kaka yake Fanny, kwamba yeye Edward atarithi mali yake, ilhali wao wanawake hawawezi hata kuitafuta kwa kazi. Kazi pekee ya heshima kwa mwanamke msomi asiye na fedha ilikuwa ualimu wa kukaa nyumbani kwa matajiri. Jane Fairfax, katika riwaya ya Emma iliyotoka Desemba 1815, anaziita ofisi za kuwatafutia wanawake kazi hiyo mahali pa kuuzia akili za watu, kama si miili yao. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na aliyesikia maneno hayo alijua yanagusa nini. Emma mwenyewe, mwenye pauni 30,000, anatangaza kwamba hataolewa, na anaeleza bila aibu ni kwa nini anaweza: ni umaskini tu unaomfanya mwanamke asiyeolewa awe kichekesho. Ukitaka kujua nani ana uhuru wa kuwa yeye mwenyewe ndani ya riwaya hizi, anza na tarakimu.

Austen hakuwa akibuni kutoka mbali. Baba yake alipofariki mwaka 1805, yeye, mama na dada yake Cassandra walitegemea michango ya kaka zake na kuhamahama hadi 1809, Edward, kaka aliyelelewa na kurithishwa na ndugu matajiri, alipowapa nyumba ndogo Chawton. Haki za Pride and Prejudice aliziuza kwa pauni 110. Alikuwa ameomba 150. Kwa asilimia 4, hizo 110 ni pauni 4 na shilingi 8 kwa mwaka.

Kamera inapochagua wa kumtazama

Filamu ya Hollywood ya 1940, yenye Greer Garson na Laurence Olivier, iliwavika wanawake magauni mapana ya miaka ya baadaye kuliko yale membamba ya zama za riwaya, na ikambadili Lady Catherine kuwa mzee mwema anayempima Elizabeth ili kumsaidia Darcy. Kwa mkato huo nguvu ya kabaila ikageuka utani wa kifamilia. Ni filamu yenye uchangamfu, lakini ukitoka ndani yake hutajua kwa nini mtu aliogopa chochote.

Tamthilia ya BBC ya 1995, sehemu sita, mswada wa Andrew Davies, ilifanya jambo lingine. Inaanza na wanaume wawili juu ya farasi wakiikagua Netherfield, nyumba ambayo Bingley anaipanga, na katika sehemu zake inatuonyesha Darcy akioga, akifanya mazoezi ya panga, na akijitosa ziwani kisha akitembea na shati lililolowa. Hakuna tukio la ziwa katika kitabu. Lakini lilibadilisha nani anatazamwa. Riwayani, wanawake ndio hupimwa: Caroline Bingley anaorodhesha kwamba mwanamke kamili ajue muziki, kuimba, kuchora, dansi na lugha za kisasa, na awe na namna fulani ya kutembea, na Darcy anaongeza usomaji mpana. Elizabeth anatembea maili tatu kwenda kumwona dada yake mgonjwa, anafika na matope inchi sita juu ya sketi ya ndani, na upindo huo unajadiliwa chumbani kama kesi. Davies aliligeuza jicho likamwangukia mwanamume.

Wanaume wenyewe hawakuwa huru, na hili hupitwa haraka. Kanali Fitzwilliam, mwana wa earl (kabaila wa cheo cha juu) lakini si wa kwanza, anamwambia Elizabeth kistaarabu kwamba wana wasio wa kwanza hawawezi kuoa wawapendao. Ni kama anamwonya, bila kumvunjia heshima, kwamba fungu lake halitoshi. Edward Ferrars ananyang'anywa urithi na mama yake kwa kushika ahadi ya uchumba. Tofauti ni kwamba mwanamume aliyenyimwa alikuwa bado na kanisa, jeshi au sheria vya kumpa mshahara.

Ile ya 2005 ilishusha nyumba ya Longbourn hadi ikaonekana shamba kweli, nguruwe na bata uani, na kwa hilo hofu ya fedha inaonekana bila maelezo. Wengine wanalalamika kwamba imezidisha ufukara wa familia yenye pauni 2,000, na wana hoja. Mwisho wake nao ulitofautiana: watazamaji wa Marekani waliongezewa tukio la mabusu ya usiku huko Pemberley, nyumbani kwa Darcy, la Uingereza likaishia kwa baba maktabani.

Lakini filamu hiyo ilimtendea haki Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth. Riwayani Charlotte ana miaka 27, si mrembo, na anamkubali Collins siku chache tu baada ya Elizabeth kumkataa. Austen anazunguka nyumba nzima ya akina Lucas kuonyesha nani amefaidika. Mama anaanza kukadiria Bwana Bennet atakuwa na miaka mingapi zaidi ya kuishi. Wadogo zake wa kike wanatumaini kuanza kwenda kwenye dansi mwaka mmoja au miwili mapema. Kaka zake wanashusha pumzi, maana hawatakuwa na dada wa kumlisha hadi uzeeni. Mwandishi anaiita ndoa kinga ya kupendeza kuliko zote dhidi ya uhitaji, hata kama furaha haina uhakika. Filamu ilimpa Charlotte amwambie rafiki yake ana kwa ana: ana miaka 27, hana fedha wala matumaini, ni mzigo kwa wazazi, na anaogopa.

Kisha Elizabeth anamtembelea Hunsford, nyumbani kwa Collins. Kitabuni anashangaa kwa nini Charlotte amechagua chumba cha nyuma kuwa sebule yake, wakati cha kulia chakula ni kikubwa na kina mandhari nzuri zaidi. Baadaye anatambua. Chumba cha kusomea cha Collins kiko mbele, kinatazama barabara, na yeye hupenda kukaa pale kuchungulia magari yanayopita. Kama sebule ya mke ingekuwa ya kupendeza vile vile, mume angekaa humo. Charlotte pia humhimiza sana mumewe alime bustani, kwa faida ya afya yake. Katika filamu anamwonyesha Elizabeth chumba hicho, anafunga mlango, na kumwambia ni raha ilioje kuendesha nyumba yake mwenyewe.